Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Dada Katarina

Alhamisi, jioni. Mlima Hanang umejifunika wingu mpaka kiunoni, na kama si mimi, kijiji hiki cha Endasak leo hii kingekuwa kinaitwa ziwa. Nasema hivyo bila kujisifu.

Maji yaliposhuka kwenye korongo wiki mbili zilizopita, mtu wa kwanza kuyaona nilikuwa mimi, wa kwanza kupiga kelele nilikuwa mimi, na yalipofika uwanjani kwa dada yangu niliyasimamia katikati na chepe langu mpaka yakagawanyika mawili. Nusu ilikwenda kwenye shamba la jirani. Hiyo ya jirani sikuipanga.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi naitwa Paskali, lakini kutoka huku mpaka Nangwa naitwa Mjomba, hata na watu walionizidi umri. Shule niliishia la sita, na hilo la sita nililisoma mara mbili ili lisinisahau. Blogu hii alinifungulia Neema, mtoto wa dada Katarina, anayefanya kazi Babati. Aliniambia, mjomba, una maneno mengi, yatafutie mahali pa kukaa. Basi nayaweka hapa.

Leo sina raha. Nimekaa kwenye jiwe mbele ya nyumba ya dada, na kila nikiandika mistari miwili nainuka kwenda kuangalia ukuta wa nyuma. Nikirudi nimesahau nilikuwa nasema nini.

Ukuta wenyewe umetulia tangu saa kumi.

Nianze vizuri, maana mambo haya yakichanganyika nitaonekana nina makosa.

Dada Katarina ndiye mkubwa wetu. Mimi ndiye wa mwisho kabisa, amenibeba mgongoni na pua amenifuta. Nyumba hii aliijenga marehemu shemeji kwa tofali za udongo, zile za kukausha juani, juu ya msingi wa mawe, na bati juu. Maji yaliingia yakafika dirishani, yalipotoka yakaacha tope la magotini. Dada alitoka mzima, na kuku wake watano. Tangu siku hiyo analala kwa Mama Yona, jirani wa ng'ambo ya shamba.

Sasa dada ni mtu ambaye hajawahi kulala kwa watu. Kila asubuhi anakuja anasimama mlangoni kwake, anachungulia, haingii, anarudi. Chakula cha kwa Mama Yona anakula nusu. Anachotaka ni kimoja tu, kulala kwake. Na mtu aliyemwambia atalala kwake Jumapili hii ni mimi.

Na kulala siyo jambo dogo. Kwa ukoo wetu, nyumba iliyoingiliwa na maji hairudiwi hivi hivi. Katekista anakuja anaomba, halafu mwenye nyumba mwenyewe anawasha moto jikoni kwa mkono wake. Akishauwasha, amerudi. Halali tena kwa jirani, hata inyeshe mvua ya mawe, maana kuuacha moto huo wa kwanza peke yake ni sawa na kuikana nyumba. Kwa hiyo siku ya moto ndiyo siku ya kulala, na hakuna cha kusema ngoja kidogo.

Wiki ya kwanza nilifanya kazi ambayo hata mafundi wa Arusha wangekuja kupiga picha. Waya za sola nilizikata kabla sijagusa kitu kingine. Mlango ulikuwa umevimba haufungi, niliung'oa nikauegemeza juani. Tope nililitoa kwa chepe kuanzia alfajiri, nikachimba na mfereji wa kuyapeleka maji korongoni. Chini ya kitanda nilikuta nyoka mrefu kiasi kwamba kichwa kilikuwa sebuleni na mkia bado uko chumbani unatafuta njia. Tuliangaliana. Alipoona ni mimi, akaondoka.

Mwenyekiti wa kitongoji alipita akasema tuite msaragambo, watu waje siku moja waifanye nyumba ya Katarina kwa pamoja. Nikamwambia mwenyekiti, waache watu walime. Fundi yupo.

Nimeinuka kidogo. Nimerudi. Bado umesimama.

Sasa hapa kwenye saruji ndipo nataka mnisikilize kwa utulivu.

Ukuta wa nyuma ndio uliopigwa na maji kuliko wote. Udongo wa juu ulibanduka, tofali za chini zikawa laini, ukizibonyeza na kidole zinaacha alama. Huku kwetu kukandika ukuta ni kazi ya wanawake. Mwanaume anajenga, mwanamke anakandika kwa udongo, samadi ya ng'ombe na majivu, na fundi mkubwa wa jambo hilo huku ni huyu huyu Mama Yona. Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatega sikio kama daktari, halafu anakuambia umekauka au haujakauka. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Lakini mwanaume mzima, aliyejenga stoo ya mahindi kule Nambis ambayo upepo ukiifikia unapita pembeni kwa heshima, aende kumuuliza mama wa watu kuhusu samadi?

Nilikuwa na mfuko wa saruji niliobakiza kwenye kazi fulani. Jumatatu nikapiga lipu. Nje na ndani, kutoka kwenye msingi mpaka usawa wa dirisha, ikang'aa kama ya ofisi.

Mama Yona alikuwa anapita na mzigo wa majani. Akasimama. Akagonga ukuta, juu, katikati, chini. Akatega sikio.

“Mjomba, ukuta huu umeshiba maji. Unauvalisha koti wakati haujajikausha?”

Nikamwambia, “Mama Yona, hii ni saruji. Hii siyo mavi ya ng'ombe.”

“Naona siyo,” akasema. “Mavi ya ng'ombe yangeacha maji yatoke.”

Akaenda zake na majani yake. Nilicheka. Nakumbuka kabisa nilicheka.

Jana asubuhi nikakuta ufa. Umeanzia kwenye kona ya dirisha la nyuma unashuka, mwembamba kama uzi. Nikaupaka udongo. Saa sita ulikuwa kama kalamu. Nikachukua kalenda ya parokia nikaitundika pale, misumari miwili, ikaenea vizuri.

Jana mchana kutwa sikukaa. Nilikwenda kunoa panga ambalo lilishanolewa. Nikafunga kamba ya mbuzi, nikaifungua, nikaifunga tena. Nikienda barabarani narudi, nikirudi naingia, naifunua kalenda, naifunika. Mtu akinipita akauliza nyumba vipi, nasema imekwisha, bado kuingia tu. Nilisema hivyo kwa watu kama kumi. Mdomo ukishazoea njia unajiendea wenyewe.

Leo asubuhi dada akaja kama kawaida yake. Shikamoo dada, marahaba. Akasimama mlangoni. Safari hii akaingia. Akapita chumba cha nyuma, akaangalia kalenda.

“Umenitundikia na kalenda,” akasema. Alifurahi.

“Nyumba bila kalenda inakuwa kama stoo,” nikamwambia.

“Basi leo naleta godoro liote jua hapa uwanjani. Jumapili liingie.”

“Lete tu, dada.”

Nimesema lete tu. Maneno yale yalitoka kinywani mwangu mimi mwenyewe, na nyuma yangu pale pale kwenye kalenda kuna ufa unaoingia kidole.

Saa nane na nusu mvua ikashuka. Siyo mvua ya kunyesha, ni mvua ya kumwagwa. Nilikuwa peke yangu pale, dada yuko kwa Mama Yona, na mambo niliyoyafanya katika mvua ile kama kungekuwa na mtu wa kupiga picha ningekuwa najulikana mpaka Dodoma. Niliuwekea ukuta mgongo. Ndani, chumba cha nyuma, miguu nimeikaza sakafuni, mikono nimeitandaza, nikaushika hivyo karibu saa nzima. Lipu yangu ya nje ikavimba kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa, halafu kipande kikubwa, upana wa meza, kikaachia kikaanguka chini pwaa, na nyuma yake tofali zikawa zinachuruzika kama uji.

Mvua ikakatika. Ukuta umeinama, lakini umesimama.

Dada na Mama Yona wakaja wanakimbia, kanga kichwani, tope mpaka kwenye vigimbi vya miguu.

“Ulikuwa wapi na mvua yote hii?” dada akauliza.

“Ndani.”

“Ndani humu?”

“Nimeushika ukuta kwa mgongo, dada. Nikaona lipu ya nje inaanguka, nikajua nikitoka nyumba imekwenda.”

Dada akaja karibu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kitu ambacho hajakifanya tangu tumzike mama.

“Paskali, wewe. Ungekufa wewe.”

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, kama mdogo wangu amekaa ndani mvua kubwa namna hii na nyumba imesimama, mimi nasubiri Jumapili ya nini? Katekista atakuja aombe akute moto unawaka. Nalala kwangu leo. Akageuka, akaenda kwa Mama Yona kuchukua moto.

Nilibaki pale na Mama Yona. Yeye hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia ile lipu iliyolala kwenye tope.

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka dada ateleze kidogo njiani achelewe. Nilitaka mvua irudi. Nilihesabu hatua zake kwenda, nikahesabu za kurudi, na zile za kurudi zilikuwa chache kuliko za kwenda, sijui kwa nini.

Akaja na kigae cha chungu, makaa matatu mekundu juu yake, anayapuliza taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kwake.

Nikasimama mlangoni.

“Dada, usiingie.”

“Nipishe, makaa yatazima.”

“Dada, ukuta wa nyuma ni mbovu. Nimeufunikia maji ndani. Mama Yona aliniambia, nikamcheka. Kuna ufa nyuma ya kalenda.”

Akaacha kupuliza. Yale makaa yakawa yanafanya majivu juu.

“Tangu lini unajua?”

“Tangu jana.”

“Na asubuhi ukaniambia nilete godoro.”

“Nilikuambia.”

Godoro lenyewe lilikuwa limeloa pale uwanjani, hakuna aliyekumbuka kulitoa. Sote watatu tuliliangalia, maana ilikuwa rahisi kuliko kuangaliana.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Ningepona kama angenitukana. Dada akasema kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo ulijua ni mbovu, na bado ukakaa ndani kuushika. Kwa ajili yangu.”

Nikaenda kuliinua godoro.

Mama Yona ndiye aliyetuokoa sote. Akamwambia dada aurudishe ule moto kwake kabla haujazimika, akapiga yowe kwa majirani wa juu, na kabla dada hajarudi wakawa wameshakuja wanaume wanne na miti ya mkaratusi begani, na mwenyekiti akiwa wa kwanza. Hakuuliza fundi yuko wapi. Alinipa tu ncha moja ya mti nibebe.

Mama Yona alizunguka nyumba nzima anagonga. Mbele, hai. Pembeni kulia, hai. Pembeni kushoto, bado kidogo. Nyuma hakugonga, aliweka kiganja tu.

“Kwanza paa lisiukalie ukuta,” akasema. “Wekeni nguzo mbili ndani, chini ya boriti. Halafu ndiyo muuegemeze nje. Halafu mtoe hilo koti.”

Mtu wa kuingia na nguzo ya kwanza ikabidi awe mimi. Hakuna aliyenituma. Niliingia nimeubana mti kwapani, nikausimamisha, mwenzangu akaupiga kabari kutoka mlangoni. Nguzo ya pili vile vile, karibu zaidi na ukuta. Mara nyingine zote nimewasimulia watu jinsi nilivyo jasiri, na leo nilipokuwa jasiri kweli sikuwa na nafasi ya kujiangalia.

Nje tukaweka mbao mbili bapa kwenye ukuta, tukazikaza kwa miti mitatu ya kuegemea, miguu ya miti tukaichimbia na kuizungushia mawe. Kisha nikapewa tindo na nyundo, nikaambiwa nibandue saruji yangu yote, taratibu, bila kupiga kwa nguvu. Kilichonichukua siku nzima kupaka kilinichukua saa moja na nusu kubandua, na mahali pengi sikuhitaji nyundo. Nyuma yake maji yalikuwa yanatoka kama jasho.

Mama Yona akaja kuchuchumaa karibu na mimi, anaokota vipande anaviweka kwenye ndoo. Akasema pole pole, wengine hawasikii:

“Mjomba, mtu akiwa ndani amegeuzia ukuta mgongo, anaonaje lipu ya nje inaanguka?”

“Nilisikia kishindo chake.”

“Ulisema uliona.”

“Kuona kwa masikio, Mama Yona.”

“Haya, Mjomba,” akasema, akainua ndoo akaenda kumwaga.

Sasa ukuta uko uchi, umevuliwa, umefungiwa turubai kwa juu kutoka kwenye bati, limeachwa wazi pembeni upepo upite. Utakaa hivyo mpaka utakapogongeka mkavu, na Mama Yona anasema tukipata jua siyo chini ya wiki tatu. Nimeweka kamba mlangoni asiingie mtu wala mbuzi. Jumapili hakuna moto. Katekista ameshapigiwa simu. Dada amerudi kwa Mama Yona, godoro limetundikwa kwenye uzio, na nimesikia amekula chakula chake chote leo, jambo ambalo silielewi.

Kesho alfajiri nitakwenda kwenye mazizi kukusanya samadi. Mama Yona amesema atakandika yeye, na mimi nitakuwa wa kuchanganya na kubeba. Nimekubali. Nimekubali mbele ya watu.

Na ningekwenda kupumzika sasa hivi, maana mikono inauma. Lakini siwezi kutulia, na sababu siyo ukuta.

Sababu ni kwamba dada ameshasimulia. Amewasimulia wale wanaume wanne, akamsimulia Neema kwenye simu nikiwa nasikia, na Neema akalia. Hata sasa nikiandika hapa amepita kijana wa bodaboda, akapunguza mwendo, akasema, “Mjomba, pole na mgongo.” Nikasema asante. Nikajishika na kiuno kidogo.

Nimeandika juu hapa kwamba nilikuwa ndani. Nilitaka kukifuta kile kipande, nikaona niache, halafu niseme hapa chini, kwa kuwa dada hasomi mambo ya simu, Mama Yona ameshajua, na Neema akisoma hapa namwomba asimwambie mama yake.

Sikuwa ndani.

Tone la kwanza lilipogonga bati nilitoka mbio. Nilikuwa chooni, mlango nimeubana kwa ndani, karai la kuchanganyia zege nimelivaa kichwani, nauangalia ukuta kupitia ufa wa mbao. Choo kile alikijenga marehemu shemeji, na katika uwanja huu wote ndicho kitu pekee ambacho mkono wangu haujakigusa.